Ngozi ya Kumbebea Mtoto wa Leah

Jumapili, 8 Desemba

Leah ana mimba ya miezi sita, na mimi mama yake mzazi nimeambiwa leo! Miezi sita! Mwalimu mkuu wake kule Kintinku anajua, muuza maandazi wa shuleni anajua, mama mkwe wake Evodia amejua tangu mimba ina miezi miwili. Mimi niliyemtoa tumboni naambiwa kwa simu, tena chaji inakaribia kuisha.

Haya. Nimeshusha pumzi, sasa salamu. Daftari, habari za jioni. Mimi ni Magreth mke wa Alute, wa hapa Mgori, darasa la saba mwaka 1989, nilifaulu hesabu nikakosa nafasi. Mwandiko wangu usichekwe. Binti yangu ni mwalimu na mwandiko wake umenyooka kama wa kitabu, na wote wanajua akili ile ilitoka wapi. Haikutoka kwa Alute.

Simu yenyewe ilikuwa hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unaongea kama mtu aliyevunja chungu?"

"Mama, mimi ni mjamzito. Nilitaka nije nikwambie uso kwa uso."

"Uso kwa uso, na tumbo litangulie kuingia mlangoni?"

Akacheka. Nikacheka na mimi, halafu hasira ikarudi upya, maana akaniambia Evodia ameshanunua Dodoma kitu cha kubebea mtoto. Eti kinavaliwa kifuani kama mkoba wa shule na kina zipu. Zipu! Mtoto ni madaftari?

Nikamkumbusha. Kwa upande wa mama yangu, mtoto wa kwanza wa binti akiletwa nyumbani, anabebwa mgongoni kwa ngozi ya mbuzi aliyoitengeneza bibi yake kwa mikono, ngozi nzima isiyo na tundu wala kiraka. Leah mwenyewe alibebwa hivyo na marehemu mama. Ile ngozi ililiwa na mchwa kwa sababu Alute aliiweka chini nikiwa safarini, na hilo sijamsamehe.

Leah akasema, "Itengeneze mama. Lakini uandike kila unachofanya. Ukiondoka wewe nani atajua?"

Mtoto wangu huyo. Ananizika huku ananiomba kazi. Ndiyo maana nimenunua daftari.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, hakuna aliyelima isipokuwa mimi. Nimechagua mbuzi. Leah, andika kichwani: achukuliwe jike aliyekwisha kuzaa, asiwe mzee, asiwe amewahi kuugua upele, na mgongo wake usiwe na alama ya fimbo wala mwiba. Pitisha kiganja kinyume cha manyoya, kila kovu utalisikia. Mbuzi aliyekufa mwenyewe hafai, damu hubaki ndani ya ngozi ikaoza nayo. Nimemchukua yule mweusi wa madoa. Alute ameguna kwa sababu anampenda. Nimemwambia naye alimpenda Leah na bado alimwoza.

Jumamosi, 14 Desemba

Tumechinja. Aliyechuna ni wifi yangu Klara, dada yake Alute, anakaa kiwanja cha pili baada ya mwembe wetu mdogo. Hapa kijijini hakuna mwanamume wa kumshinda. Baba yao hakuwa na kijana mkubwa nyumbani, akamfundisha yeye.

"Wifi, wewe kaa na maji yako ya magome," akaniambia, "kisu niachie mimi."

"Ukitoboa nitakutoboa."

"Utanipata wapi, na kiuno hicho?"

Tulicheka mpaka mbuzi angetushangaa, kama angekuwa hai. Ngozi imetoka safi. Nimeipaka chumvi ya mawe upande wa nyama na kuiwamba uani kwa vigingi kumi na nane. Ningeiloweka moja kwa moja, lakini mvua imeshaanza na kupanda alizeti hakumsubiri mtu. Itakaushwa kwanza, kazi ya maji ije Januari.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua siku ya tatu. Haijanyamaza hata nusu saa. Ngozi imeanza kunuka pembeni. Evodia amepiga simu kuniuliza kama ngozi haitamtoa mtoto vipele. Nimemjibu kwamba Leah alibebwa kwa ngozi, hakutoka vipele, akawa mwalimu.

Jumatano, 18 Desemba

Nimeiokoa! Nimeihamishia jikoni, nikaiwamba chini ya dari juu ya mafiga, na leo nilikuwa napikia watu kumi na wawili waliokuja kutusaidia kupanda, kwa hiyo moto uliwaka kuanzia asubuhi mpaka mchana. Saa tisa ngozi imekauka, ngumu kama bati, ukiigonga inalia. Mwingine angeiacha ioze. Mimi natumia kichwa.

Ijumaa, 27 Desemba

Krismasi imepita. Leah hakuja, barabara mbaya. Nimekula pilau kwa hasira.

Jumatano, 8 Januari

Kupanda kumeisha, sasa ngozi. Nimeiloweka kwenye pipa la maji safi tangu juzi ilainike. Leo nimeihamishia kwenye maji ya majivu. Leah, majivu yawe ya kuni ngumu, uyachekeche, uyachanganye na maji mpaka yawe kama uji mwepesi. Ngozi ikae humo siku nne au tano. Kila siku igeuze kwa kijiti, usitumie mkono, majivu yatakuchubua vidole. Utajua iko tayari ukivuta manyoya kwa vidole viwili yakaja bila ubishi.

Jumatatu, 13 Januari

Sitaki kuongea na mtu.

Nimeitoa, nimeilaza juu ya gogo la mviringo, nikaanza kupara manyoya kwa kipande changu cha jembe la zamani. Kipande hicho hakina makali, na kisiwe na makali, kazi yake ni kusukuma na si kukata. Manyoya yalitoka vizuri. Nikageuza nipare nyama iliyobaki. Pale mgongoni, katikati kabisa, mahali ambapo mtoto hukaa, matundu matatu! Moja kidole gumba kinapita. Mengine mawili madogo, lakini tundu la ngozi ni kama la soksi, halibaki dogo.

Miaka yote hii ya kutengeneza ngozi za kutandika chini ya vinu, za viti, za mikanda ya kukokotea plau, watu wamekuja kutoka Ikungi kunifuata mimi. Na ngozi ya mjukuu wangu ina matundu matatu.

Kisu. Ni kisu tu. Alikuwa anacheka na mimi huku anachuna, hakuangalia.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Nimeitundika ukumbini, kila nikipita naiona. Klara amekuja kuomba chumvi nikamwambia imeisha, huku mfuko uko mezani. Ameuona.

Jumamosi, 18 Januari

Leo jumuiya ya sala ilikuwa kwa jirani yetu Jenipher. Tumesali, tumesoma, tumefika kwenye matangazo. Jenipher akauliza, kwa nia njema tu maana mimi mwenyewe nimeitangaza ngozi ile kijiji kizima, "Mama Leah, ngozi ya mjukuu inaendeleaje?"

Nikasema, "Waulizeni wenye visu."

Klara alikuwa mbele yangu kwenye mkeka. Akageuka. "Wifi, mwenye kisu ni mimi. Sema jina."

"Nimetaja jina la mtu?"

"Ngozi ina nini?"

"Ina matundu matatu, na mbuzi hakuzaliwa nayo."

"Mimi sijatoboa ngozi tangu nina miaka kumi na miwili," akasema. Hakupaza sauti.

"Basi wametoboa malaika."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinipanda kichwani kama pombe. Nikaona nimeshinda, na aliyeshinda huongeza. Nikasema, "Mtu asiye na wa kumbeba mgongoni, ngozi nzima ataionea uchungu wa nini?"

Hakucheka mtu.

Niandike ukweli, maana Leah atasoma: Klara aliolewa miaka kumi na moja huko Kintinku, hakupata mtoto, akarudishwa na sanduku lake. Tangu hapo hakuna mtu kwenye ukoo huu aliyelitaja jambo hilo mbele yake. Hata mama mkwe wangu, na mama mkwe wangu alikuwa na mdomo.

Klara akainuka, akakunja khanga yake, akasema "Tumsifu Yesu Kristo" kama mtu anayeondoka siku yoyote, akaenda. Jenipher akaanza wimbo wa kufunga kabla ya wakati.

Nilikuwa na haki ya kukasirika. Ngozi ni yangu na mjukuu ni wangu. Neno lile la mwisho lilitoka lenyewe.

Jumapili, 19 Januari

Baba Leah amekula kwa dada yake.

Jumatatu, 20 Januari

Amekula kwa dada yake.

Jumanne, 21 Januari

Amerudi kula. Nimempikia kuku. Amekula ugali na mchuzi, nyama ameiacha yote sahanini mbele yangu, akasema "Asante, Mama Leah," akaenda kuangalia ng'ombe. Heri angenitukana.

Jumatano, 29 Januari

Palizi. Miaka yote mimi na Klara tunapalilia pamoja, siku tatu kwangu, siku tatu kwake. Leo namwona peke yake kwenye alizeti yake, ameinama, mistari imenyooka kama ameipiga rula. Yangu magugu yamefika magotini. Sijamwomba. Na yeye je, hawezi kuja tu? Mimi ndiye niliyeharibiwa ngozi!

Jua kali leo, kesho mvua. Hata hali ya hewa haina msimamo.

Jumatano, 5 Februari

Evodia: "Mkwe, ngozi imefikia wapi?" Nikamwambia inaendelea vizuri sana. Mungu anisamehe. Akasema zipu anaipeleka kufuliwa ili siku hiyo iwepo, tukihitaji. Tukihitaji!

Jumapili, 9 Februari

Leah amepiga simu baada ya misa. Hajui lolote, baba yake hana mdomo wa simu. Akasema, "Mama, niandikie vizuri ile sehemu ya kukausha, hatua kwa hatua. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wana somo la stadi za kazi, nataka niwafundishe." Nikajisikia mkubwa. Ngozi yangu darasani! Nikakaa na kalamu. Nikaandika hivi:

*Kukausha. Ngozi iliyochunwa ikishapakwa chumvi, iwambe kivulini penye upepo, iwe juu kidogo ya ardhi. Jua la mchana ni adui. Moto ni adui mkubwa zaidi. Ngozi mbichi ikipata joto huiva kama nyama inavyoiva chunguni. Ukiitazama imekauka utaona ni nzuri, ngumu, inalia ukiigonga. Ubaya wake hauonekani mpaka siku utakapoiloweka, hapo palipoiva pataya*

Sikumaliza neno. Liko hapo juu, sitalifuta.

Nilikaa. Kalamu ilikuwa mkononi. Mama yangu alinifundisha hilo nikiwa na miaka tisa, nimewafundisha wengine, namkaripia Alute kila akiweka ngozi karibu na jiko.

Nikaenda ukumbini, nikaitoa ile ngozi. Kingo za matundu. Tundu la kisu lina kingo nyembamba zilizonyooka, kila fundi anajua. Hizi zinang'aa kama ukucha, zina kahawia. Nikakata kipande kidogo pembeni ya tundu, nikakitumbukiza kwenye maji ya moto ya chai. Kikawa uteute. Kinanata vidoleni kama gundi. Nikakata kingine mbali, shingoni, nikakitumbukiza. Kikabaki ngozi.

Mgongo ulikuwa juu ya mafiga. Watu kumi na wawili, sufuria mbili, moto kuanzia asubuhi. Mimi natumia kichwa.

Jumamosi, 15 Februari

Sikwenda jumuiya. Nimesema nina homa.

Jumapili, 16 Februari

Nimemkasirikia jogoo, nimemkasirikia jirani kwa redio yake, nimemkasirikia Alute kwa kupiga chafya. Alute akaniangalia akasema, "Mama Leah, una nini?"

"Sina kitu."

"Hicho sina kitu chako kimenyesha wiki nzima."

Nikamwambia kuhusu moto. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Na dada yangu unamwambia lini?"

"Nitamwambia."

"Ulimsema mbele ya watu ishirini na tatu. Waliokuwepo wamenihesabia."

Hapo ndipo nilipolia, na nililia kwa hasira, maana alikuwa sawa na hajawahi kuwa sawa mara mbili katika mwaka mmoja.

Jumamosi, 22 Februari

Nilikwenda kwa Klara na bakuli la mlenda. Amesimama mlangoni, hajasema karibu. Hata mwizi huambiwa karibu hapa kwetu.

"Wifi, habari za hapa?"

"Nzuri."

"Nimekuletea mboga."

"Ninayo."

Maneno yote niliyoyapanga njiani yakakimbia. Nikasema "Haya basi," nikarudi na bakuli langu. Mlenda ameula Alute. Akaniuliza mbona umepoa.

Alhamisi, 27 Februari

MVULANA. Kilo tatu na nusu. Kajifungua salama saa nne asubuhi. Muuguzi kamwambia Leah hajaona mtoto mwenye mapafu kama yale mwaka huu, nami najua mapafu hayo yametoka wapi. Wamemwita Stanley, jina la baba mzazi wa Naftali, mume wa Leah. Sikuulizwa. Sawa. Nimepiga kigelegele mpaka mbwa wa Jenipher akajibu.

Klara alikuwa kwenye alizeti yake. Alisikia. Aliinua kichwa, akasimama na jembe, nikaona anasubiri mtu amwambie. Ni mjukuu wake pia. Sikuwa na uso wa kumpazia sauti. Alute ndiye aliyekwenda.

Jumamosi, 1 Machi

Jumuiya, kwetu safari hii. Nilifagia mara mbili. Klara amekuja, hajawahi kukosa jumuiya kwa sababu ya binadamu. Kakaa mwisho kabisa karibu na mlango.

Kwenye matangazo nikasimama. Nikachukua ile ngozi, nikaitandaza katikati ya mkeka, watu wote waione. Nikasema:

"Matundu haya si ya kisu. Mimi niliikausha juu ya moto wa jikoni kwangu kwa haraka zangu. Klara alichuna ngozi nzima. Mimi ndiye niliyeipika. Nimelijua hili tangu Februari tarehe tisa, nikanyamaza wiki tatu kwa sababu ya kiburi. Na yale mengine niliyosema..." Nikasema, "Yale mengine sikuyasema kwa sababu ya ngozi. Niliyasema kwa sababu watu walicheka. Wifi, nisamehe."

Jenipher alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo, safari hii hakukifungua.

Klara akasema, "Nimesikia." Basi. Tukasali Baba Yetu, tukanywa chai, akaosha vikombe pamoja na wengine, akaenda.

Nimeshasema na bado nina hasira. Nilidhani ukisema inatoka.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi, Klara huyo mlangoni na mbuzi kwenye kamba. Mweupe, jike, mgongo safi hauna hata alama ya kupe. Ni yule mama wa mapacha, mbuzi wake bora.

"Mtoto anakuja lini?" Hakuna salamu.

"Pasaka."

"Wiki sita. Zinatosha?"

"Zinatosha nikianza mara moja, nisikaushe."

"Usikaushe," akasema, na akaniangalia jinsi nilivyostahili kuangaliwa.

"Klara, huyu ni mbuzi wako wa—"

"Sijakupa wewe. Jumamosi nachinja. Noa kipande chako cha jembe... hapana, usinoe. Wewe mwenyewe unajua."

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeandika Klara akiwa amenisimamia kichwani. "Andika," ananiambia, na mkono una damu mpaka kiwiko.

Leah, hivi ndivyo shangazi yako anavyochuna. Kisu kinatumika kufungua tu: mstari mmoja kutoka kidevuni mpaka mkiani kupitia tumboni, na mistari minne kwa upande wa ndani wa miguu. Baada ya hapo kisu kinawekwa mbali, pale usipokifikia bila kuinuka. Kinachofuata ni ngumi. Unavuta ngozi kwa mkono wa kushoto, unasukuma ngumi ya kulia kati ya ngozi na nyama, kidole gumba kikiwa mbele, mbuzi akiwa bado ana joto. Akipoa, ngozi inang'ang'ania, na mtu mvivu ndipo anapokimbilia kisu. Nilimtazama. Hakukigusa kisu hata mara moja baada ya kufungua. Mara ile ya Desemba pia alikiweka juu ya dirisha. Sasa nakumbuka. Nilikiona pale.

"Andika na hili: Klara hakutoboa."

Nikaandika. Klara hakutoboa. Klara hajawahi kutoboa.

"Lete nione."

Nikampa. Anasoma vizuri kuliko mimi. Akasoma mstari ule, halafu, kabla sijamzuia, akafungua nyuma. Nikaona kidole chake chenye damu kinatembea kwenye Januari tarehe kumi na nane. Kilitembea polepole mpaka chini. Alama iko pale, nimeiacha. Nilitaka ardhi inimeze.

Akafunga daftari, akanirudishia.

"Mwandiko wako mbaya," akasema.

"Klara..."

"La matundu limekwisha. Hilo lingine usiniombe tena msamaha. Kila ukiniomba unanikumbusha. Shika mguu huo, ninyooshe."

Nikashika mguu.

Nyama tumegawa kwa majirani wote, maana Klara hali nyama Kwaresima nzima na mimi nimeona aibu kula. Alute amekula kwa niaba yetu.

Ijumaa, 14 Machi

Manyoya yametoka. Nimeipara mbele na nyuma, nimeiinua juani nikaitazama yote kama karatasi. Haina hata kitobo cha sindano. Nimeiosha mara nne kutoa majivu, mara ya mwisho kwa maji ya pumba yaliyochachuka, yanalainisha.

Jumamosi, 15 Machi

Magome ya mgunga, ndiyo yanayoivisha ngozi isioze, kutoka mti wetu wa shambani ulioanguka kwa upepo. Tumeyatwanga mimi na Klara, michi miwili kinu kimoja, hatujasemezana neno lakini michi haikugongana hata mara moja.

Leah, hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanatumbukiza ngozi kwenye maji mazito ya magome siku ya kwanza ili wawahi. Nje inakuwa nyekundu nzuri na kufunga, ndani inabaki mbichi, baada ya mwaka inapasuka. Anza na maji mepesi kama chai ya mgonjwa, siku nne. Kisha ya rangi ya kati, wiki. Kisha mazito. Igeuze asubuhi na jioni. Usiifanye ukiwa na haraka, wala ukiwa na hasira. Hili la mwisho nimelipa ada yake.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Imegeuzwa.

Alhamisi, 27 Machi

Klara ameigeuza kabla sijaamka. Nimemkuta anaondoka. Nimemwambia mimi pia nina mikono. Akasema, "Nimeona ulichofanya nayo." Nimekasirika mpaka saa sita, halafu nimecheka peke yangu jikoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekata kipande kidogo shingoni. Rangi imepenya, nyekundu kutoka nje mpaka ndani, hakuna mstari mweupe katikati. Imeiva kwa njia halali. Nimeikamua, nimeipaka mafuta ya mkia wa kondoo ingali na unyevu, nimeitundika kivulini. KIVULINI.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku tano za kuivuta juu ya kigingi, huku na huku, mabega yangu yamekwisha. Lakini njoo uishike! Shavu la mtoto ni gumu kuliko hii. Hakuna mwanamke Singida nzima wa kuitoa hivi, na kama yupo aje tushindane.

Evodia amepiga simu. Nikamwambia zipu yako ilete, tutawekea viazi. Amecheka! Sikutegemea. Akasema, "Mkwe, mimi mwenyewe nilibebwa kwa ngozi. Mama yangu hakunifundisha, nikanunua."

Jumanne, 15 Aprili

Mikanda. Leah, soma hapa mara mbili. Mkanda unakatwa kwa urefu wa mgongo wa mbuzi, usikate tumboni, ngozi ya tumbo inavutika na mtoto atashuka mpaka makalioni. Toboa kwa msumari mwembamba ulionolewa, tundu la kushonea liwe dogo kuliko uzi. Uzi ni mshipa wa mgongo wa mbuzi uliosuguliwa kwa nta.

Na yetu haifungwi fundo. Ina kitanzi na kijiti cha mpingo, kwa hiyo mkanda hukatwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja. Mkanda wa begani ukishaukata haurefuki, na ukiwa mrefu kwa mtu unamning'iniza mtoto. Kwa desturi ni kipimo cha bibi anayembeba kwanza.

Leo Klara alikuja kuangalia nyuzi. Nikachukua kamba. "Simama hapo."

"Kwa nini?"

"Nipime. Mkono wangu haufiki mgongoni kwangu mwenyewe, na mimi na wewe tunalingana."

"Tunalingana wapi? Mimi mfupi, wewe mnene."

"Simama, Klara."

Akasimama. Nikaipitisha kamba begani kwake, chini ya kwapa, kifuani. Nikapiga fundo kwenye kamba pale ilipokutana. Mfupa wa bega lake mwembamba kuliko nilivyodhani, miaka yote hii namwona na jembe tu.

Hakuuliza tena. Hakunishukuru, na angenishukuru ningekasirika.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekata. Nilishika kisu muda mrefu kabla ya kukata, niseme ukweli, kwa sababu tangu Desemba nimejiona mimi, mgongo wangu, watu wakinipigia vigelegele. Nikakata kwa kipimo cha kamba, cha bega la Klara. Nimeshona vitanzi, nimefunga vijiti. Nimeijaribu mwenyewe mlango ukiwa umefungwa. Hainiingii. Mkanda unaishia hapa chini ya titi, kijiti hakifiki kitanzini hata nikivuta pumzi.

Alute amenikuta hivyo. "Umekosea kipimo?"

"Hapana."

Akakaa kitandani. Baadaye akainuka akaenda kwa dada yake, lakini safari hii alirudi kula kwangu.

Nimempigia Leah, nimempigia Evodia, Jenipher ataitangazia jumuiya baada ya ibada ya Ijumaa Kuu. Leah na Naftali wanatoka Kintinku na mtoto Jumatatu alfajiri. Waje wote, wanaonipenda na wanaonisema: Jumatatu ya Pasaka, tarehe ishirini na moja Aprili, saa nne, hapa kwa Alute.